Robert Goddard, Fundi wa Roketi

1. Mtoto na kipande cha zinki

Robert Goddard alizaliwa tarehe 5 ya mwezi wa 10, mwaka 1882, katika mji wa Worcester, nchi ya Marekani. Baba yake aliitwa Nahum, na mama yake Fannie. Baba alipenda sana vyombo na mashini, akamfundisha mtoto wake kuvipenda vilevile. Alimpa darubini ya kutazamia nyota, tena kioo cha kukuza vitu vidogo, na gazeti lililoeleza habari za uvumbuzi mpya.

Robert alipokuwa na umri wa miaka 5 hivi, baba alimwonyesha kwamba mtu akisugua viatu juu ya zulia, anaweza kutoa cheche ndogo ya umeme. Mtoto akafikiri sana juu ya jambo hilo. Akadhani kwamba nguvu ile itaweza kumrusha juu. Akatwaa kipande cha zinki kilichotoka katika betri, akakishika mkononi, akasugua viatu vyake juu ya changarawe, kisha akaruka. Lakini hakupita pale alipofika siku zote.

Mama yake akamwonya: kama jambo lile likifaulu, atapaa aende zake, wala hataweza kurudi nyumbani. Robert akaogopa, akaiweka zinki kando.

Watu wakubwa wataona kwamba huo ulikuwa mchezo wa mtoto tu. Ni kweli. Lakini mtoto huyu hakuishia kwenye kuwaza. Alikuwa na wazo, akalijaribu, akaona matokeo yake. Basi, akaendelea kufanya hivyo maisha yake yote.

2. Puto lisilopaa

Mwaka 1898 Robert alikuwa kijana. Wakati ule alitaka kutengeneza puto, maana yake mfuko mkubwa wa kupaa hewani. Maputo ya watu wengine yalikuwa ya kitambaa au ya karatasi. Yeye alitaka kulifanya kwa madini ya alumini, ili lidumu.

Akafanya kazi nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Akayapiga madini mpaka yakawa membamba, akayaunga, akatia ndani hewa ya hidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa tunayoivuta. Kazi hiyo ikachukua karibu majuma 5. Kila alilolifanya aliliandika katika kitabu chake. Mwisho puto likawa tayari, lakini halikupaa. Alumini ilikuwa nzito mno.

Robert akaandika hilo nalo. Hakuficha kushindwa kwake, wala hakusingizia mtu. Aliandika kwamba kazi imeshindwa, na sababu yake ni uzito. Kwa hiyo puto lile lilimfundisha neno moja ambalo kila fundi wa roketi hana budi kulijua: kitu kinachotaka kupaa, kwanza kiwe chepesi.

3. Juu ya mti

Tarehe 19 ya mwezi wa 10, mwaka 1899, Robert alikuwa na miaka 17. Siku hiyo alipanda juu ya mti wa matunda, uitwao mcheri, uliokuwa nyuma ya ghala kwao. Alitumwa kukata matawi yaliyokauka. Alikuwa na msumeno na shoka dogo.

Kijana akatulia juu ya mti, akatazama mashamba. Siku zile alikuwa amesoma kitabu cha mwandishi Mwingereza H. G. Wells, chenye hadithi ya watu waliotoka katika nyota ya Mars. Basi akaanza kuwaza: je, mtu ataweza kutengeneza chombo cha kutoka duniani, kipande juu mpaka kufika kwenye nyota ile? Akakiona chombo hicho katika mawazo yake, kidogo, kikizunguka na kupaa kutoka majani yaliyokuwa chini ya miguu yake.

Aliposhuka, alijiona kuwa mtu mwingine. Sasa alijua kazi ya maisha yake. Tangu siku hiyo aliikumbuka tarehe 19 ya mwezi wa 10 kila mwaka, kama wengine wanavyokumbuka siku ya kuzaliwa kwao. Alipoweza, alikwenda tena kuutazama mti ule.

4. Moshi katika shule

Robert alikuwa mdhaifu wa mwili. Alikuwa mwembamba, na kifua kilimwuma mara nyingi. Kwa sababu ya magonjwa alibaki nyuma miaka 2, wenzake wakamtangulia. Lakini hata alipokuwa kitandani alisoma. Aliazima vitabu vingi katika nyumba ya vitabu ya mji. Alimaliza masomo ya shule ya kati mwaka 1904, naye alikuwa na miaka 21. Ingawa alichelewa, alikuwa wa kwanza katika kalasi yake, naye ndiye aliyechaguliwa kusema mbele ya watu siku ya kuagana.

Wakati huohuo alipata huzuni. Alikuwa amejifunza fizika, yaani elimu ya nguvu na ya mwendo wa vitu. Sasa aliyatazama tena mawazo yake ya zamani, akatambua kwamba yote yalikuwa na makosa. Mifano aliyoitengeneza haikwenda. Akakusanya karatasi zake, akazichoma katika jiko dogo la nyumbani. Lakini wazo lenyewe halikuungua. Baada ya miezi michache alikuwa amekwisha kununua kitabu kingine, akaanza kuandika upya.

Akaingia katika shule kubwa ya ufundi ya Worcester. Mwaka 1907, chini ya nyumba ya fizika ya shule hiyo, aliwasha roketi ya baruti aliyokuwa akiijaribu. Moshi ukajaa kote. Wakubwa wa shule wangaliweza kumfukuza. Hawakumfukuza, bali walitaka kujua anatafuta nini. Mwaka 1908 alimaliza masomo yake huko, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Clark, katika mji uleule, akapata cheo cha daktari wa elimu mwaka 1911.

Mwaka 1913 alishikwa na kifua kikuu. Waganga walidhani kwamba atakufa baada ya majuma 2. Yeye akapumzika, akatembea nje penye hewa safi, nguvu zikarudi kidogo kidogo. Alipopata ruhusa ya kufanya kazi saa 1 kwa siku, aliitumia saa hiyo kuandika juu ya roketi. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimpa hati 2 za kulinda uvumbuzi wake. Hati moja ilikuwa ya roketi yenye vipande vilivyopandana: kipande cha chini kikimaliza moto wake kinaanguka, na kile cha juu kinaendelea kikiwa chepesi. Hati ya pili ilikuwa ya roketi inayokwenda kwa mafuta ya maji, pasipo baruti.

5. Mtu ndani ya mtumbwi

Namna gani roketi inakwenda? Tuseme mtu amekaa ndani ya mtumbwi mdogo, na maji yametulia. Hana kasia, lakini ana mawe mazito. Akitupa jiwe kwa nguvu upande wa nyuma, mtumbwi unasogea mbele kidogo. Akitupa jingine, unasogea tena. Jiwe linakwenda huku, mtumbwi unakwenda kule. Mwingereza Isaac Newton aliieleza sheria hiyo mwaka 1687: kila nguvu inayosukuma upande mmoja ina nguvu nyingine, sawa nayo, inayosukuma upande wa pili.

Roketi ni kama mtumbwi ule. Mahali pa mawe inatupa moshi wa moto. Moshi unatoka chini kwa mbio kubwa, na roketi inasukumwa juu.

Watu wengi walidhani kwamba moshi unasukuma hewa iliyo nje, kama mtu anavyosukuma ukuta. Kwa hiyo walisema kwamba roketi haiwezi kwenda huko juu sana, mahali pasipo hewa. Goddard hakutaka kubishana kwa maneno tu. Mwaka 1915 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Clark. Akatengeneza bomba kubwa la chuma, akaitoa hewa yote iliyokuwa ndani, akawasha roketi ndogo humo. Alirudia jambo hilo mara nyingi, akipima kila mara. Akaona kwamba pasipo hewa roketi inasukuma kwa nguvu nyingi zaidi kuliko penye hewa. Sababu ni kwamba hewa ya nje haisaidii, bali inazuia moshi kutoka.

Akaona tena kwamba roketi za baruti za siku zile zilitumia sehemu ndogo tu ya nguvu za moto wake. Akabadili umbo la bomba la kutolea moshi: likabanwa katikati, kisha likapanuka. Mara moshi ukatoka kwa mbio kupita mara nyingi mbio za zamani.

6. Gazeti linamcheka

Majaribio yalitaka feza, na mshahara wa mwalimu haukutosha. Mwaka 1916 Goddard aliiandikia Smithsonian, nyumba kubwa ya elimu katika Washington. Mwaka 1917 wakamwahidi dola 5.000. Naye akawaandikia kitabu kidogo, kilichoeleza kwa hesabu njia ya kufika juu sana. Kitabu hicho kilitolewa mwanzo wa mwaka 1920. Karibu na mwisho aliandika habari fupi: roketi yenye nguvu ya kutosha itaweza kufika hata mwezini.

Magazeti yakaacha hesabu zote, yakashika neno la mwezi tu. Tarehe 13 ya mwezi wa 1, mwaka 1920, gazeti la New York Times lilimdharau. Lilisema kwamba roketi haiwezi kusukuma mahali pasipo kitu, na kwamba mwalimu huyu hajui hata yale wanayofundishwa wanafunzi wa shule ya kati. Watu wakacheka. Wengine wakamwita mtu wa mwezi.

Goddard alikuwa amekwisha kulijaribu jambo lile ndani ya bomba lake, na mwandishi wa gazeti hakulijaribu hata mara moja. Hata hivyo maneno yale yalimwumiza. Tangu hapo aliwaambia watu habari chache tu za kazi yake, akaendelea kimya.

7. Shamba la kabichi

Kuanzia mwaka 1921 Goddard alishika kazi ya mafuta ya maji. Alichagua petroli na oksijeni. Moto hauwaki pasipo oksijeni, na huko juu haipo. Kwa hiyo roketi haina budi kuichukua yake. Lakini oksijeni ni hewa. Ikitakiwa kuwa maji, lazima ipate baridi kali sana, digri 183 chini ya sifuri. Kuweka maji ya baridi namna hiyo karibu na moto mkali ilikuwa kazi ngumu na ya hatari. Mabomba yalipasuka, vyuma viliyeyuka. Kila mara alitengeneza upya.

Mwaka 1924 alimwoa Esther Kisk. Mke huyu alimsaidia sana: aliandika barua na hesabu zake kwa mashini, akapiga picha za majaribio.

Tarehe 16 ya mwezi wa 3, mwaka 1926, walikwenda kwenye shamba la shangazi yake, Effie Ward, katika Auburn, karibu na Worcester. Ilikuwa siku ya baridi, na theluji ilikuwa chini. Walikuwa watu 4: Goddard, Esther, fundi Henry Sachs, na mwalimu mmoja aitwaye Percy Roope. Roketi ilisimama katika kiunzi cha mabomba. Urefu wake ulikuwa metre 3 hivi. Mtambo wa moto ulikuwa juu, na vyombo vya mafuta vilikuwa chini.

Sachs akaiwasha kwa moto uliofungwa kwenye mti mrefu, akakimbia. Roketi ikanguruma, lakini haikuondoka, kwa kuwa ilikuwa bado nzito. Wakangoja. Mafuta yakapungua, uzito ukapungua. Mara ikainuka polepole, kisha ikaenda mbio. Ikapanda metre 12 na nusu, ikainama, ikaanguka katika shamba la kabichi, umbali wa metre 56. Safari yote ilikuwa sekunde 2 na nusu. Mashini ya sinema ya Esther ilikuwa na nafasi ya sekunde 7 tu, nayo ilikwisha mapema, isipate kuchukua picha ya kuruka kwenyewe.

Mtoto anaweza kutupa jiwe juu kupita hapo. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza duniani, roketi ya mafuta ya maji iliruka. Goddard hakuita magazeti. Alirudi nyumbani, akaandika katika kitabu chake.

Akaendelea kusahihisha. Alidhani kwamba mtambo ukikaa juu utaivuta roketi inyoke. Akaona sivyo, akauweka chini, na roketi kubwa zilizokuja baadaye zikawekwa hivyohivyo.

8. Katika jangwa

Mwezi wa 7, mwaka 1929, alirusha roketi nyingine shambani, yenye vyombo vya kupima baridi na uzito wa hewa, pamoja na mashini ya picha. Kishindo chake kikawashtua jirani. Wakadhani eropleni imeanguka, wakaita polisi na motokari za wagonjwa. Wakubwa wa jimbo wakamkataza kurusha tena pale.

Lakini kishindo kile kilimletea rafiki. Charles Lindbergh alikuwa rubani mwenye sifa, kwa kuwa mwaka 1927 aliruka peke yake kutoka New York mpaka Paris. Alisoma habari za Goddard, akaja kumtazama, wala hakumcheka. Akamwombea msaada kwa tajiri Daniel Guggenheim, naye akakubali kutoa dola 100.000 kwa miaka 4. Mwaka 1930 Goddard na mke wake wakahamia Roswell, katika jimbo la New Mexico, nchi kavu yenye watu wachache.

Huko alitafuta njia ya kuzuia roketi isiyumbe. Alitia ndani gurudumu dogo lenye kuzunguka mbio, kama pia ya watoto. Pia ikizunguka mbio haianguki. Roketi ikiinama, gurudumu lile liligeuza mabawa madogo, nayo ikarudishwa katika njia yake. Tarehe 28 ya mwezi wa 3, mwaka 1935, roketi yenye chombo hicho ilipanda kupita metre 1.400. Kutoka mwaka 1926 mpaka 1941 Goddard na mafundi wake walirusha roketi 34. Nyingi zilianguka vibaya. Walikusanya vipande vyake, wakatafuta kilichovunjika kwanza.

Mwaka 1938 dhoruba iliuangusha mti wa mcheri kule Worcester. Goddard alipopata habari, aliandika katika kitabu chake kwamba sasa itambidi kuendelea peke yake.

9. Kufa kwake na heshima yake

Katika vita ya pili ya dunia alifanya kazi ya jeshi la maji la Marekani. Akashikwa na kansa ya koo, akafa katika mji wa Baltimore tarehe 10 ya mwezi wa 8, mwaka 1945, mwenye miaka 62. Alizikwa Worcester.

Wenye elimu wengine waliwaza kama yeye. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu Mrusi, alikuwa ameandika hesabu za roketi tangu mwaka 1903, na Hermann Oberth aliandika katika Ujerumani mwaka 1923. Lakini Goddard ndiye wa kwanza aliyeirusha.

Tarehe 16 ya mwezi wa 7, mwaka 1969, roketi kubwa yenye vipande vilivyopandana, yenye kwenda kwa oksijeni ya maji, iliwachukua Wamarekani 3 kwenda mwezini. Kesho yake gazeti la New York Times lilitangaza kwamba lilikosea mwaka 1920. Miaka 49 ilikuwa imepita, na Goddard alikuwa amekufa kitambo. Siku 3 baadaye watu 2 wakakanyaga mwezi.

10. Roketi ya wanafunzi

Siku hizi wanafunzi wa nchi nyingi wanatengeneza roketi ya maji. Wanatwaa chupa ya plastiki ya namna ile ya vinywaji vyenye povu, wanatia maji mpaka theluthi moja hivi, wanaiziba kwa kizibo chenye tundu la valvu, wanaisimamisha kichwa chini. Kisha wanaingiza hewa kwa pompi ya baiskeli. Hewa inabanwa ndani. Nguvu yake ikishinda kizibo, maji yanatoka chini kwa mbio na chupa inaruka juu. Hakuna moto, lakini sheria ni ileile ya mtumbwi. Kazi hiyo inafanywa pamoja na mwalimu, na wote wanasimama mbali, kwa maana chupa inaweza kumwumiza mtu usoni.

Maji yakizidi, chupa inakuwa nzito, na nafasi ya hewa inakuwa ndogo. Yakipungua, hakuna cha kutupa nyuma. Kipimo kizuri kinapatikanaje? Mwanafunzi anabadili jambo moja tu kila mara, anapima, anaandika. Chupa ikianguka vibaya, anaandika hilo nalo, kama kijana wa Worcester alivyoandika juu ya puto lake lisilopaa.

Mvumilivu hula mbivu. Goddard alikula kidogo tu: sekunde 2 na nusu katika shamba la kabichi. Mbivu zenyewe wamezila waliomfuata.

Maulizo

1. Kwa nini puto la alumini halikupaa? Robert alijifunza nini?
2. Eleza mfano wa mtu ndani ya mtumbwi.
3. Gazeti lilikosea nini mwaka 1920? Goddard alijuaje kwamba si kweli?
4. Kwa nini roketi ya Auburn haikuondoka mara moja?
5. Katika roketi ya maji, ni kitu gani kinachofanya kazi ya mawe ya mtumbwi?
6. Mwanafunzi anayetafuta kipimo kizuri cha maji afanye nini?